Saa ya Kurudi Iwekwe Kabla ya Kutoka

Mvua za masika zikiisha, na nyasi za vilima vinavyolizunguka ziwa Nakivale zikaanza kukauka, vijana wa Kashojwa, kijiji cha makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, hushikwa na hamu ya kwenda kupanda. Na hamu hiyo mimi siilaumu, kwa kuwa mtu aliyekulia katika makazi haya, yanayopokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, aghalabu huijua dunia kwa upana wa kiwanja cha nyumba yao na urefu wa foleni ya bomba, na ni haki yake siku moja asimame mahali pa juu akalitazame ziwa zima na mabonde ya Isingiro yanavyofuatana kuelekea Tanzania. Ninalolilaumu ni namna wanavyotoka. Hutoka saa nne za asubuhi, chai imekwisha kunywewa bila haraka, miguuni kandambili, chupa moja ya soda iliyotiwa maji ikipokezanwa na watu watano, na hakuna hata mmoja wao awezaye kukwambia watarudi saa ngapi.

Nilikuwapo wakati mzee mmoja wa Kisomali, ambaye ujana wake aliumaliza nyuma ya ngamia, alipowasimamisha vijana wa namna hiyo njiani.

“Wanangu, mnarudi saa ngapi?”

“Tukishafika juu, mzee, tutarudi.”

“Sikuuliza mtafika wapi. Nimeuliza mtarudi saa ngapi.”

Walicheka kwa adabu, wakamwamkia, wakaenda zao. Mimi naona swali la mzee huyo lilistahili jibu, na muradi wa maneno yangu haya ni kulitetea.

Huenda msomaji akasema kwamba swali hilo ni la jangwani na Nakivale si jangwa, na kwamba ziwa letu na mabwawa yanayoliunganisha na ziwa Mburo yaliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Ni kweli, lakini maji hayo yote yako chini. Isingiro imo katika ule ukanda mkavu wa wafugaji unaoikata Uganda kutoka kusini-magharibi hadi Karamoja, na juu ya migongo ya vilima, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, hakuna kijito wala kisima, na miti iliyokuwa ikitoa kivuli mingi imekwisha kuwa makaa. Mtu aliye huko mchana huliona ziwa lote miguuni pake na hana tone la kutia kinywani. Na hata akiteremka mbio hadi ufukweni, maji hayo hayanywewi mabichi ila na asiyejali tumbo lake. Kwa mwili wa mwanadamu, kilima cha namna hiyo wakati wa kiangazi ni mlima wa jangwani, liwe jina lake liwalo.

Tena liko jambo la jua, ambalo watu wachache hulitia akilini. Saa tunazozifuata Mbarara na Nakivale ndizo zile zile za Mombasa, ilhali sisi tuko magharibi sana kuliko wao, na jua hutufikia zaidi ya nusu saa baada ya kuwafikia. Hivyo kwetu huchomoza karibu na saa moja ya asubuhi, husimama utosini karibu na saa saba, na huzama karibu na saa moja ya jioni. Yule anayeiangalia saa yake saa saba na nusu akajipa moyo kuwa mchana umekwisha kugeuka anajidanganya, kwa sababu mwamba uliochomwa tangu asubuhi huendelea kutoa joto lake hata saa kumi. Na jua likishazama, kiza cha nchi za ikweta hakina subira: kitambo kidogo tu, na jiwe halitofautiki tena na shimo.

Waliotutangulia waliyajua haya kwa mashaka. Mwaka 1887 msafara wa Teleki, mtu wa Hungaria, na mwenziwe von Höhnel ulitoka Pangani, umebebwa mabegani na wapagazi wa pwani, kiongozi wao akiwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe wa huko huko Pangani, na pamoja nao akiwamo Msomali aitwaye Qualla Idris. Mwezi wa Machi 1888 wakalifikia lile ziwa ambalo leo huitwa Turkana, baada ya kuvuka nchi ya mawe meusi ya volkano yenye joto la kuunguza nyayo. Fikirini hali ya watu wale: kiu imewashika, na mbele yao maji yanang’aa hata upeo wa macho; wakashuka kwa hima, wakayaonja, na maji yalikuwa ya magadi. Hao walikuwa wajuzi wa safari, chini ya kiongozi aliyeijua bara kwa miaka mingi. Seuze sisi na chupa yetu ya soda?

Hata leo, wapandao Ol Doinyo Lengai kule Tanzania, mlima wa mita 2,962 usio na kivuli, hutoka kati ya usiku ili wafike juu alfajiri na kuwa wamekwisha teremka kabla jua halijakasirika. Na huko Omani, ambako jamaa zetu wengi wenye asili ya Unguja wanaishi, matembezi ya milima ya Hajar ni ya miezi ya Oktoba hadi Aprili, na mwenye busara huyaacha mabonde yale mwezi wa Julai.

Sasa nataka kujibu hoja moja ambayo huwa naisikia hapa kwetu kwa waliotoka Kongo, na ambayo haifai kujibiwa kwa dharau. Husemwa: “Sisi tumetembea kutoka Masisi, tumetembea kutoka Rutshuru mpaka Bunagana, watoto migongoni na magodoro vichwani, nani atatufundisha kutembea?” Hakuna. Katika subira ya miguu, watu wa Kashojwa hawana mwalimu. Lakini tuitazame safari ile kwa insafu. Ilikuwa safari ya kwenda mbele tu. Hakuna aliyeulizwa saa ya kutoka, wala hakuna aliyekuwa na haja ya kuweka saa ya kurudi, kwa maana nyuma hapakurudika, na aliyesimama kupiga hesabu huenda asingefika. Mtu aliyefunzwa kutembea na msiba wa namna hiyo hubaki na tabia yake: huona kwamba kufika ndiyo salama, na kusita ndiyo hatari. Juu ya kilima kikavu mambo ni kinyume. Huko hakuna anayekufukuza. Salama iko nyumbani ulikotoka, na kila hatua unayoipiga kwenda juu ni deni utakalolilipa wakati wa kushuka, jua likiwa kali zaidi na maji yakiwa yamepungua. Nguvu iliyowavusha wazee wetu mpaka wa Kongo yaweza basi kumponza mjukuu wao kilimani, kwa kuwa ni nguvu isiyojua kugeuka.

Ndiyo maana nasisitiza saa ya kurudi iwekwe usiku, nyumbani, na mtu ambaye bado hajakiona kilele. Akiisha kukiona, akili yake si yake tena: kilele huonekana karibu, mwenzake humwambia “bado kidogo tu,” na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema amechoka. Ahadi iliyofungwa usiku huwavua wote aibu hiyo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mskoti mmoja, William Naismith, aliweka mwaka 1892 kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hata leo: saa moja kwa kila kilomita 5 za mwendo, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Tuseme kilele kiko kilomita 5 kutoka nyumbani na kimeinuka mita 300 juu ya bonde. Hiyo ni saa moja na nusu kwa mtu mzima mwenye afya asiyepumzika. Ongezeni nusu saa kwa ajili ya yule mwenye mwendo wa polepole kuliko wote, maana kundi huenda kwa miguu yake, na nusu nyingine kwa ajili ya kupumzika na kupotea. Wakitoka saa kumi na mbili za alfajiri, watakuwa juu saa mbili na nusu. Basi saa nne na waanze kushuka, hata kama wamechelewa na kilele kiko hatua mia mbele yao, na kabla ya adhuhuri watakuwa nyumbani.

Maji yahesabiwe kwa saa: nusu lita kwa kila mtu asubuhi, na si chini ya lita moja jua likipanda; kwa siku niliyoieleza, ni lita nne kwa kila mtu, kila mtu na chombo chake, kwa sababu jerikani moja ya wote ikianguka ikapasuka imewaangukia wote. Yawe yamechemshwa tangu jana yake. Nusu ya maji yakinywewa, safari ya kwenda imekwisha, saa iwe ngapi. Na kwa kuwa jasho hutoka na chumvi, chupa moja itengenezwe kama ile dawa ya kuhara wanayoijua kina mama wote wa hapa: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chakula ni chepesi: viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, na tende, ambazo maduka ya Wasomali hayazikosi. Kuhusu viatu sina maneno mengi. Aliye na raba za mitumba kutoka Mbarara azivae, asiye nazo afadhali makatambuga ya tairi yaliyofungwa kisigino kuliko kandambili. Kofia au kilemba si pambo.

Mtu akilalamika kichwa, akaona kichefuchefu au misuli ikamkakamaa, wote wakae kivulini naye. Na akianza kusema maneno yasiyopangika huku ngozi yake ikiwa moto, hapo hakuna tena matembezi: aloweshwe nguo, apepewe, na msaada uitwe.

Wako watakaosema kwamba hadhari nyingi hivi ni upungufu wa tawakali. Mimi nawajibu kwamba Mwenyezi Mungu ndiye aliyetupa vidole vya kuhesabia, na sioni ibada yoyote katika kumwachia Yeye kazi ya kujaza chupa.

Vilima vile, tusisahau, vina wenyewe. Ni malisho ya ng’ombe wa pembe ndefu wa Wanyankole, na mgeni anayekatiza kundi bila salamu, au anayewasha moto wa kuchoma mahindi katika nyasi za Julai, huwaletea lawama wakimbizi wote. Aombe njia, na kitambulisho kiwe mfukoni.

La mwisho ni yule anayebaki. Asiwe mtoto, wala asiwe mtu wa kulala mchana. Apewe karatasi yenye majina ya waliokwenda, kilima walichokikusudia, njia ya kwendea na ya kurudia, nambari za simu mbili ambazo zimetiwa chaji, na saa mbili: saa sita, ambayo wanatarajiwa, na saa nane, ambayo ikifika ataacha kungoja. Saa nane ikipiga bila simu kulia wala mtu kuonekana, aende kwa mwenyekiti wa kijiji na karatasi ile mkononi, ili watafutaji wapite njia ile ile, wakiwa na maji, na saa tano za mwanga bado ziko mbele yao.