Tuuweke Akiba Umeme wa Olkaria, Lakini kwa Lugha ya Wenyeji

Apitaye Olkaria usiku wa manane huona mvuke mweupe ukifoka na kupotelea hewani. Sehemu ya mvuke huo ni umeme uliokosa mnunuzi. Taifa likilala matumizi hushuka, ilhali kisima cha mvuke hakizimwi na kuwashwa kama taa. Ifikapo saa moja jioni mambo hugeuka, tukautamani umeme ule ule tulioupuuza.

Wajerumani wa taasisi ya Fraunhofer walijaribu dawa ya maradhi kama haya mwaka 2016 katika ziwa la Bodensee. Walizamisha tufe la zege lenye uwazi ndani, upana wake mita 3, hadi kina cha mita 100. Umeme ukizidi, pampu huyatoa maji tufeni. Ukihitajika, vali hufunguliwa, maji yakaingia kwa kishindo na kuzungusha turbini. Marekani nako wapo wanaokusudia kuyajenga matufe hayo kwa mashine inayomimina zege tabaka juu ya tabaka, ufundi uliojenga nyumba za Mvule Gardens kule Kilifi. (Nimesita kuuita 'uchapishaji', neno ambalo kwangu bado linanukia wino.)

Je, tulizamishe letu Nakuru? Hasha. Nguvu ya tufe hutokana na uzito wa maji yaliyo juu yake, na maziwa yetu ni ya kina kifupi. Ziwa Nakuru lilifurika katika miaka ya 2010 hata likameza lango kuu la mbuga, lakini halikugeuka kilindi. Naivasha vivyo hivyo. Atakaye vilindi na aende Tanganyika, penye zaidi ya mita 1,400.

Tulicho nacho sisi ni miinuko. Bwawa moja juu ya ukingo wa Bonde la Ufa na jingine chini yake yangeifanya kazi ile ile: maji yapandishwe usiku kwa umeme wa Olkaria, yateremshwe jioni. Naliunga mkono wazo hilo. Hofu yangu haihusu pampu.

Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha mradi wa Olkaria IV. Zililalamika, na mwaka 2015 Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia likabaini kasoro katika mashauriano, mojawapo ikiwa kutotumiwa kwa lugha ya Kimaasai. Watu waliulizwa juu ya ardhi yao kwa lugha zisizo zao! Nasi tunaofundisha isimu tulikuwa wapi?

Katiba ya 2010 yaiita Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi, na yadai umma ushirikishwe. Basi kabla mpimaji hajachomeka kigingi cha kwanza ukingoni, waraka wa mradi na uwe umeandikwa kwa Kiswahili, na mkutanoni awepo mkalimani wa Kimaasai, Kikalenjin au Kiogiek, kwa kutegemea mahali penyewe. Mkalimani aliyesomea kazi hiyo na kulipwa ujira wake, wala si kijana aliyeokotwa barazani asubuhi hiyo hiyo.