Ardhi Isiyo na Ua Si Ardhi Isiyo na Mwenyewe

Wako watu wasemao kwamba ardhi isiyogawanywa kwa hati wala kuzungushiwa ua ni ardhi isiyo na mwenyewe. Na kwamba tajiri akija na fedha zake kujenga humo majumba ya fahari, wenyeji yawapasa kushukuru na kunyamaza. Maneno hayo husemwa mijini na watu waliosoma, na siku hizi hata vijijini vijana wetu huyarudia. Mimi nayapinga. Wala sitayapinga kwa hasira, bali kwa habari za kisiwa kimoja kilicho mbali nasi, ambacho watu wake walishika ardhi kwa shirika kama ishikwavyo katika vijiji vyetu vingi.

Kisiwa hicho chaitwa Barbuda, nacho kimo katika bahari ya Karibi, kaskazini ya Antigua; na visiwa hivyo viwili ni nchi moja iliyopata uhuru mwaka 1981. Ukubwa wa Barbuda ni kilometa za mraba 160 hivi, na wenyeji wake hawafiki 2,000, karibu wote wakikaa katika mji mdogo mmoja, Codrington. Jina la mji huo ni jina la jamaa ya Kiingereza waliokodishwa kisiwa chote na ufalme wa Uingereza tangu mwaka 1685. Wazee wa Wabarbuda walikuwa Waafrika waliopelekwa kule utumwani. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1834, waliachwa huru pasipo kupewa hati yo yote ya ardhi. Wakaendelea kulima, kuvua, kufuga na kuwinda, kila mtu akitumia mahali alipopahitaji, wala hakuna aliyeuza, maana kilicho cha wote hakiuzwi na mmoja. Desturi hiyo ilidumu zaidi ya miaka 170, ndipo mwaka 2007 Bunge lao lilipoiandika kuwa sheria: ardhi ya Barbuda ni ya Wabarbuda wote kwa shirika, wala haiuzwi, na mradi mkubwa hauwezi kuanzishwa mpaka walio wengi wameukubali.

Je, watu hao walikuwa adui wa wageni? La, hasha. Zamani palikuwa na hoteli ya fahari kisiwani, iliyoitwa K Club, ambayo hata Diana, aliyekuwa mke wa mrithi wa kiti cha Uingereza, alifika kupumzika. Wabarbuda hawakukataa wageni. Walilotaka ni kuulizwa. Lakini mwaka 2015 Bunge lilitunga sheria ya pekee kwa ajili ya mradi wa hoteli wa Robert De Niro, mchezaji wa sinema wa Marekani, pamoja na mwenziwe. Na sheria hiyo ikauondoa mradi ule chini ya masharti ya sheria ya 2007. Tazameni jinsi jambo hili lilivyo! Sheria ya watu wote ilidumu miaka minane tu, kisha ikatobolewa ili mtu tajiri apite.

Yaliyofuata ni mazito zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Septemba 2017, tufani iitwayo Irma ilikipiga kisiwa kile kwa upepo uliokaribia mwendo wa kilometa 300 kwa saa. Sehemu kubwa mno ya nyumba ziliharibika, na mtoto mdogo mmoja akafa. Kwa kuwa tufani ya pili ilikuwa njiani, watu wote walihamishwa kwenda Antigua, wengine wakalazwa katika uwanja wa mchezo wa kriketi. Kisiwani wakabaki mifugo na mbwa. Na katika mwezi ule ule, wenyewe wakiwa hawapo, mashine ziliingia kufyeka miti na kusawazisha ardhi kwa ajili ya uwanja mpya wa ndege. Miezi michache baadaye sheria ya ardhi yenyewe ikabadilishwa, na Wabarbuda wakaambiwa kwamba sasa kila mmoja aweza kununua kiwanja chake kwa dola moja, kiwe mali yake peke yake. Kampuni ya matajiri wa Marekani nayo ikaendelea na mpango wa nyumba za fahari na kiwanja cha gofu katika rasi ya Palmetto, karibu na wangwa na maji ya Codrington, ambayo tangu mwaka 2005 yameandikwa katika Mapatano ya Ramsar ya kuhifadhi maeneo ya majimaji.

Mwenye kutetea miradi ya namna hii atanijibu kwa methali: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Naikubali methali hiyo, tena naipenda. Lakini isikilizeni vizuri. Yasema mgeni aje. Haisemi mwenyeji atoke. Yasema mwenyeji apone. Haisemi awe mfagiaji wa ua katika ufuo ambao jana alivuta nyavu zake. Sidharau kazi ya mshahara, maana nami naila. Lakini mshahara ni wa mtu na hukoma siku mtu huyo akiachishwa. Ardhi ni ya ukoo, huwalisha hata wasiozaliwa bado. Mtu apimaye mambo hayo mawili kwa mizani moja amesahau kuhesabu watoto.

Mwingine atasema, "Dawa ni hati. Kila mtu apewe kipande chake, ndipo atakuwa na nguvu." Hati ni kitu chema, nami sisemi mtu asiwe nayo. Lakini fikirini itokeavyo penye umaskini na tajiri akiwa mlangoni. Leo mtoto wa huyu ni mgonjwa, naye auza. Mwaka ujao mavuno ya yule hayakutosha, naye auza. Wauzao ni wengi, tena kila mmoja auza peke yake, kwa haraka, katika siku yake ya shida; anunuaye ni mmoja, naye hana haraka. Baada ya miaka ishirini kila mtu alikuwa na hati, na kijiji hakipo. Ardhi ya shirika ina taabu zake, ila ina wema huu: shida ya mmoja haiwezi kuuza makao ya wote.

Wa tatu atasema kwamba kupinga ni kazi bure. Huyu namjibu kwa mfano wa watu wawili wa Barbuda. John Mussington alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya sekondari, tena ni mjuzi wa viumbe vya bahari. Jacklyn Frank ni mwalimu mstaafu. Hao wawili walikwenda mahakamani mwaka 2018, wakidai kwamba ruhusa ya ujenzi wa uwanja ule wa ndege haikutolewa kwa kufuata sheria. Mahakama ya Rufani ikasema kwamba hawana haki hata ya kuleta shauri lile. Hawakunyamaza, wakapeleka rufani London, mbele ya Baraza la Faragha, ambalo ndilo mahakama ya mwisho ya nchi yao. Tarehe 27 Februari 2024 Baraza likaamua kwamba wana haki ya kusikilizwa.

Sitawadanganya wasomaji kwamba wameshinda yote. Mwaka 2022 Baraza hilo hilo lilikataa dai jingine la Wabarbuda, lililosema kwamba haki waliyopewa na sheria ya 2007 ni mali ilindwayo na Katiba. Na uwanja wa ndege ulikwisha kujengwa, ukafunguliwa mwaka 2024. Lakini je, ni jambo dogo kwamba mwenyeji aweza kusimama mbele ya hakimu na kusema, "Jambo hili lanihusu"? Asiye na haki ya kusema hayo ni mpangaji katika nchi ya babu zake.

Basi nasi tujiangalie. Katika Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka ardhi ya kijiji mikononi mwa Halmashauri ya Kijiji, nayo haipaswi kugawa ardhi pasipo kibali cha Mkutano Mkuu wa Kijiji. Katika Kenya, sheria ya ardhi ya jamii ya mwaka 2016 yataka mapatano na mwekezaji yakubaliwe na theluthi mbili za watu wazima wa jamii, katika mkutano ulioitwa kwa ajili hiyo. Sheria hizo ni njema. Lakini ya Barbuda nayo ilikuwa njema. Sheria iliyoandikwa hailindi watu wasiohudhuria mkutano, wala watu watiao sahihi karatasi wasiyoielewa. Mkataba na usomwe wote kwa lugha ya wenyeji, kabla ya soda na pilau kuletwa. Iulizwe njia ya kwenda kisimani na pwani itabaki kwa nani. Yaandikwe yaliyosemwa, na nakala ikae kijijini, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Na zaidi ya yote, tuweke neno hili liwe imara: wakati wa mafuriko, wa njaa au wa ugonjwa, watu wakiwa wametawanyika, shauri la ardhi lisikatwe kabisa. Aliyekuja kukupa pole asiondoke na shamba lako.

Nawageukia walimu wenzangu. Msiseme kwamba mambo hayo si kazi yetu, kwa kuwa sisi ni watu wa ubao na chaki. Katika vijiji vingi sisi ndio tuwezao kuisoma sheria na kuieleza kwa maneno mepesi. Walimu wale wa Barbuda wangaliweza kukaa nyuma ya madawati yao, wala hakuna ambaye angaliwalaumu. Waliona kwamba kumfundisha mtoto jina la kisiwa chake, na kisiwa chenyewe kikimtoka, ni kumfundisha nusu ya somo. Nasi tusiwape watoto wetu nusu.