Rejeta ya Pijo Kuukuu

Rejeta ya gari la zamani haifi kwa siku moja. Mirija yake huziba mmoja baada ya mwingine, mapezi yanayoishika huliwa na kutu ya kijani, na mshale wa joto huanza kupanda mahali ambapo mwaka uliotangulia ulikuwa umetulia. Katika kaunti za Kitui na Makueni mahali hapo mara nyingi ni mlima: kutoka Tawa kupanda Kikima katika milima ya Mbooni, au kuiacha barabara ya Mombasa pale Salama na kuelekea Nunguni. Gari limesheheni maembe au ndengu, giya ni ya kwanza au ya pili, upepo wa mwendo haupo, na kazi yote ya kupoza injini imeachiwa feni na rejeta.

Magari yanayohusika yanajulikana. Land Rover na Land Cruiser za miaka ya 1970 zingali zinafanya kazi mashambani, lakini la kupendwa kuliko yote ni Peugeot 504, ambayo Wakenya huiita Pijo tu. Ilitoka kiwandani Ufaransa mwaka 1968, ikashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na pikapu zake ziliendelea kuunganishwa Kenya hadi 2004. Pijo za stesheni wagoni zilibeba abiria wa safari ndefu kwa miaka mingi kabla ya matatu za Nissan kuzinyang'anya kazi hiyo. Volkswagen Beetle, ambayo nayo iliwahi kushinda Safari, haimo katika hesabu hii, kwa kuwa injini yake hupozwa kwa hewa na haina rejeta ya kuziba.

Kabla ya kununua chochote, ni lazima ithibitishwe kwamba rejeta ndiyo yenye kosa. Rejeta nzima nyingi zimeng'olewa bure wakati ugonjwa ulikuwa themostati iliyokwama, mkanda wa feni uliolegea, au pampu ya maji iliyolika. Pijo ina mtego wake wa ziada: katika matoleo mengi ya 504 feni huunganishwa na kuachanishwa kwa sumaku ya umeme, na waya ukikatika au brashi zikiisha, feni hujizungukia bila nguvu huku mwenye gari akiilaumu rejeta. Dalili za rejeta yenyewe ni rahisi kupima. Injini ikishapata joto na kuzimwa, mkono ukipitishwa juu ya uso wa rejeta huhisi vipande vya baridi pale mirija ilipoziba. Ikishang'olewa, maji yakimiminwa juu yanapaswa kutoka chini kwa kasi ileile. Fundi mzoefu huinua tu na kujua, kwa sababu rejeta iliyojaa magamba ya chokaa huwa nzito kuliko iliyo safi.

Magamba hayo ndiyo kiini cha jambo lenyewe huku Ukambani. Maji ya visima virefu katika sehemu nyingi za Kitui Kusini, Mutomo ikiwemo, yana chumvi, na mengi ni magumu. Ni maji ambayo sabuni haitoi povu ndani yake upesi. Yakichemka ndani ya injini huacha ukoko uleule unaoonekana chini ya sufuria ya chai, na ukoko huo huzuia joto kupita kutoka kwenye maji hadi kwenye chuma. Rejeta mpya iliyojazwa maji ya kisima cha chumvi imeanza safari ya ile iliyotupwa. Maji yafaayo yapo karibu: ya mvua, yaliyokingwa kwenye mabati na kutunzwa tangini tangu Novemba. Maji ya mchangani, yanayochotwa nyuma ya mabwawa ya mchanga ambayo Wakamba wameyajenga kwenye mito yao ya msimu, kwa kawaida ni afadhali kuliko ya kisima, ingawa nayo hutofautiana kutoka mto hadi mto. Kulanti iliyochanganywa na maji ya namna hiyo huzuia kutu na huongeza kidogo kiwango cha kuchemka. Hilo si dogo katika mji kama Kitui, ulio zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, ambako maji kwenye sufuria wazi huchemka karibu nyuzi 96 badala ya 100.

Mnunuzi basi hukabiliwa na rejeta za aina tatu. Ya kwanza ni ya shaba, mirija ya shaba nyeupe na mapezi ya shaba nyekundu, iliyounganishwa kwa lehemu. Ndiyo iliyokuja na gari. Ya pili ni ya alumini yenye matangi ya plastiki yaliyobanwa kwa meno pembeni, na hii ndiyo iliyojaa madukani Kirinyaga Road na Grogan jijini Nairobi kwa sababu karibu magari yote ya kisasa huitumia. Ya tatu ni ya alumini tupu, nyepesi na nzuri machoni, inayopendwa na wapenda mashindano.

Kwa sifa za metali peke yake, shaba nyekundu hupitisha joto vizuri kuliko alumini. Alumini hufidia upungufu huo kwa wepesi na kwa mirija mipana, kiasi kwamba rejeta mpya ya alumini iliyotengenezwa vyema hupoza sawa na ya shaba au kuishinda. Tofauti inayopaswa kuamua mambo Kitui na Makueni ni nyingine: nini hutokea siku inapovuja Mutito au Kathonzweni. Ya shaba hupelekwa kwa fundi wa jua kali, ikafunguliwa kwa moto, mirija ikasafishwa kwa vijiti, tundu likazibwa kwa lehemu, na jioni gari likawa barabarani. Tangi la plastiki likipasuka halina tiba ya kudumu. Alumini huhitaji mtambo wa kuchomelea ambao hauko katika kila kituo cha soko, na chumvi ya maji ya kisima huitoboa kwa vidoti ambavyo havionekani hadi vimevuja. Kwa gari la zamani linaloishi mbali na lami, shaba ndiyo chaguo sahihi, hata ikiwa bei yake ni kubwa na hata ikibidi kungoja wiki mbili.

Mara nyingi hakuna haja ya kununua rejeta nzima. Matangi ya shaba ya juu na ya chini ya Pijo au Land Rover hudumu kuliko mirija, na karakana za rejeta zinaweza kuyafungua na kuweka kiini kipya katikati. Njia hii hulinda pia yale ambayo rejeta ya kubahatisha huyavuruga: masikio ya kufungia, unene wa midomo ya mipira, upande ambao kila mdomo hutokea, na nafasi kati ya kiini na mapanga ya feni. Kosa la kawaida ni kuomba kiini kinene chenye safu nne badala ya safu mbili au tatu za asili. Kiini kinene hupitisha hewa kwa shida gari likienda polepole, na mlima wa Mbooni hupandwa polepole. Mapezi yaliyobanana sana nayo hunasa vumbi jekundu na mbegu za nyasi.

Mwenye gari ana sababu ya kuyadai matangi yake ya zamani, maana shaba ni mali hata ikiwa chakavu, na biashara yake hudhibitiwa kisheria. Mwaka 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa kufuatia uharibifu wa miundombinu ya umeme, na Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 humtaka mnunuzi awe na leseni.

Kifuniko huchaguliwa kwa uangalifu uleule. Kila pauni moja ya mgandamizo kwa inchi ya mraba hupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi moja na nusu hivi, na hapo ndipo wengi hushawishika kufunga kifuniko cha Kijapani kilichoandikwa 1.1 (kwa kipimo cha bar, si pauni) kwenye gari lililoundwa kwa mgandamizo mdogo zaidi. Lehemu ya zamani huachia, au mpira wa hita hupasuka. Kipimo sahihi ni kile cha kitabu cha gari.

Maji yanayomwagwa wakati wa kazi hii hayafai kuachwa uani. Yana risasi iliyotoka kwenye lehemu, na kulanti nyingi zina sumu yenye ladha tamu inayoweza kuua mbwa au mbuzi akiinywa. Hukingwa kwenye mtungi wenye kifuniko. Rejeta ikishafungwa, injini huachwa ipate joto huku hita ikiwa wazi ili hewa itoke, na baada ya mlima wa kwanza gari hupozwa kabisa, kifuniko kikafunguliwa, maji yakaongezwa, na bano za mipira zikakazwa tena.