EWE MWANDISHI WA RIPOTI ZA NJAA, UTAULIZWA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Muuza nyama tunamuusia mizani yake. Muuza maziwa tunamkataza kutia maji. Lakini wewe msomi wa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam, mshauri wa kujitegemea unayechukua mkataba wa siku ishirini kuandika tathmini ya njaa, ukame au wakimbizi, nani amekuusia mizani yako?

Nawe unayo. Inaitwa IPC, kipimo cha daraja tano kilichoanzia Somalia mwaka 2004, na leo kinatumika nchi nyingi. Daraja la tano ndilo baa la njaa, na halitamkwi ovyo: angalau kaya 20 katika kila 100 ziwe zimekosa chakula kabisa, watoto 30 katika kila 100 wawe na utapiamlo mkali, na watu 2 katika kila 10,000 wawe wanakufa kila siku. Ukisogeza tarakimu moja, umesogeza malori ya chakula. Huu ni ushahidi, ndugu yangu, na Mtume (s.a.w.) aliuhesabu ushahidi wa uongo katika madhambi makubwa kabisa.

Sasa tuzisikilize nyudhuru zao.

Kwanza, wapo wanaosema: "Mimi mshauri tu, ripoti ni ya mteja. Akitaka neno lipunguzwe, napunguza." Subhanallah! Mteja amenunua siku zako, hakununua ulimi wako. Soma Surat An-Nisaa, aya ya 135: tumeamrishwa kusimamia uadilifu na kutoa ushahidi hata dhidi ya nafsi zetu na wazazi wetu. Ikiwa baba yako mzazi hapewi upendeleo katika ushahidi, atapewaje mwenye hundi?

Pili, wapo wanaosema: "Naongeza kidogo ili watu wangu wapate msaada, nia yangu ni njema." Nia njema haihalalishi mizani mbovu. Ghala la msaada lina mwisho wake. Gunia ulilolivutia kwenye kijiji chenye shida ya kawaida limetoka mdomoni mwa mtoto wa kijiji kingine ambaye mkono wake, ukipimwa kwa utepe, unasoma nyekundu. Surat Al-Mutaffifin inawaonya wanaopunja vipimo. Je, kumpunja mwenye njaa ni jambo dogo kuliko kumpunja mnunuzi wa sukari?

Tatu, na huu ndio udhuru mzito: "Hata ukisema kweli, wakubwa hawasikii." Tazameni Somalia. Wachambuzi walianza kuonya mwaka 2010. Walihesabu mbuzi mmoja anabadilishwa kwa kilo ngapi za nafaka, wakaona kilo zinapungua, wakaandika. Fedha zikachelewa. Tarehe 20 Julai 2011, siku chache kabla ya Ramadhani, sisi tukiandaa futari, Umoja wa Mataifa ukatangaza baa la njaa kusini mwa Bakool na Shabelle ya Chini. Utafiti uliotolewa mwaka 2013 ulikadiria kuwa watu wapatao 258,000 walikufa kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, zaidi ya nusu yao watoto wa chini ya miaka 5. Wengi walikuwa kaburini kabla tangazo halijatoka.

Utasema: basi ripoti zilifaa nini? Nakujibu: zimemkatia udhuru aliyechelewa. Kesho mbele ya Allah hataweza kusema hakuambiwa. Na mwaka 2017, ukame mkali uliporudi Somalia, maonyo yalisikilizwa mapema, misaada ikaongezwa mapema, na baa la njaa halikutangazwa. Lau wachambuzi wa 2011 wangeandika uongo, nani angewaamini wenzao mwaka 2017?

Kwa hiyo nawausia haya.

Usiandike kijiji ambacho hukufika wala hukumtuma mtu. Andika wazi: hapa hatukufika. Surat Al-Israa, aya ya 36, inatukataza kufuata tusilolijua, maana masikio, macho na moyo vitaulizwa.

Usinakili ripoti ya mwaka jana ukabadilisha tarehe. Ukifanya kazi siku nane ukadai ishirini, hizo kumi na mbili ni haramu, hata kama ankara imepitishwa.

Walipe vijana wanaojaza madodoso juani. Umepokea malipo ya kwanza, wao miezi mitatu wanaambiwa wasubiri? Mtume (s.a.w.) ametufunza kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake kukauka.

Na ukiambiwa ufute ukweli, kataa. Wakiufuta wenyewe, waandikie kwamba umekataa, kisha ondoa jina lako. Utakosa mkataba ujao, ndiyo. Ar-Razzaq si mkuu wa shirika.

Nanyi wazazi mnaofurahia gari jipya la kijana wenu mshauri, mpongezeni, kisha mumuulize: mwanangu, uliyoyaandika uliyaona?

Ewe Mola wetu, zitakase kalamu zetu na riziki zetu, uwalishe wenye njaa, wala usitujaalie kuwa mashahidi wa uongo juu yao. Amin.

Wallahu a'lam. Mfikishie ndugu yako anayefanya kazi hii.