Sikio la Mashua Litiwe Wapi?

Hapa Mokambo hatuna ziwa. Tuna mpaka, na tuna barabara iendayo Chembe, ng'ambo ya mto Luapula. Walakini samaki wa Ziwa Moero twawala, na jamaa nyingi za kwetu zina ndugu Kasenga, Kilwa au Pweto. Kwa hiyo hatukushangaa mzazi mmoja alipotujia na swali la mashua. Mdogo wake aliyeko Moero amenunua sonari ya kupimia kina na kutafutia samaki. Sasa amesimama na keekee mkononi, wala hajui atoboe wapi. Kutoboa ni kazi ya dakika chache; lakini tundu baya chini ya mashua ni hasara ya mbao, na pengine ni hatari kwa watu walio ndani. Basi na tufikiri pamoja naye.

Kwanza tufahamu kazi ya kifaa chenyewe. Mwaka 1912 meli Titanic iligonga mlima wa barafu ikazama, na wataalamu wakaanza kutafuta njia ya kujua yaliyofichwa na maji. Wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, Mfaransa Paul Langevin alifaulu kutuma majini mlio usiosikika kwa masikio yetu, kisha akapokea mwangwi wake. Sonari ya leo hufanya vivyo hivyo. Kichwa chake kidogo, ambacho sisi twakiita sikio, hutuma mlio na kungoja. Majini sauti huenda karibu mita 1,500 kwa sekunde moja. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, sauti imesafiri mita 150 kwenda na kurudi. Basi kina ni mita 75.

Na samaki je? Nyama yake yakaribia kuwa sawa na maji, na sauti hupita humo bila kurudi sana. Linalorudisha sauti kwa nguvu ni kile kibofu cha hewa kilicho tumboni mwa samaki wengi. Hapa ndipo penye kiini cha jibu letu. Hewa iliyo ndani ya samaki yatuonyesha samaki; lakini hewa iliyo chini ya mashua yatupofusha. Viputo vikipita mbele ya sikio, kioo hujaa madoa, na mvuvi hutupa wavu penye maji matupu.

Kwa hiyo sikio litafutiwe maji matulivu. Lisiwekwe omo, maana mawimbi huinua omo hewani. Lisiwekwe nyuma ya ubao uliotokeza, wala nyuma ya misumari au tundu la pampu, maana hayo yote huzalisha viputo. Mahali panapofaa mashua nyingi ndogo ni tezi, chini ya ubao wa nyuma, mbali na rafadha kwa sentimita 40 au zaidi. Ikiwa rafadha huzunguka kama mishale ya saa, ukiitazama kutoka nyuma, sikio likae upande wa kuume. Litazame chini wima, na lisitoke majini mashua iendapo kasi. Waya wake usifungwe pamoja na nyaya za moteri, usije ukaokota makelele yake.

Wengine husema sikio laweza kubandikwa ndani ya mashua. Naam, katika mashua ya nyuzi za kioo zilizoshikana vema yawezekana. Katika mashua ya mbao haifai, kwa kuwa mbao huimeza sauti. Na ikibidi kutoboa mbao, ni heri sikio lenye ganda la shaba iliyochanganywa na bati kuliko la plastiki. Mbao zikilowa huvimba, na plastiki yaweza kupasuka. Lakini mashua ya chuma isitiwe shaba hiyo, maana chuma kitaliwa upesi.

Juu ya yote, twamshauri ndugu yule aiweke keekee chini kwanza. Afunge sikio kwenye mti imara, aushushe ubavuni mwa mashua, aende polepole, kisha kwa kasi, huku akitazama kioo. Ahamishe mti hata apate mahali ambapo picha haichafuki. Tundu la keekee halihamishwi.

Tena asitumaini mno. Sikio lenye mwali wa nyuzi 20, katika maji ya mita 10, huona duara la mita tatu na nusu tu. Na Moero si Tanganyika: kina chake kwa wastani hakifiki mita 10. Kifaa kitamwonyesha mwamba na fungu la mchanga, nalo ni jambo kubwa usiku. Lakini ujuzi wa upepo, majira na mazalio ya samaki bado atauuliza kwa wazee.

Mabaharia wa pwani husema: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ndipo maji yanapokusanyika chini ya chombo ili yatolewe. Atoboaye kwa haraka atakaa ngamani siku zote, akikumba maji.