Kaizen na kibarua wa Chang'ombe: Nani atatoa pendekezo?

NENO la Kijapani 'kaizen', lenye maana ya kuboresha kidogo kidogo bila kukoma, si geni tena katika ofisi za Serikali na viwanda vya jijini Dar es Salaam. Mwaka 2013 Wizara ya Viwanda na Biashara, kwa msaada wa Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani (JICA), ilianza mradi wa kuifundisha njia hiyo viwandani kwa lengo la kuinua ubora na tija. Mwaka 2017 JICA na NEPAD walianzisha mpango wa kuieneza Afrika nzima.

Sifa yake kubwa ni kwamba haidai mtaji. Haimwambii mwenye kiwanda anunue mashine mpya wala ajenge jengo jingine. Inamwambia aitazame kazi inavyokwenda, hatua kwa hatua, na kuwauliza wanaoifanya wapi inakwama. Ni hapo kwenye kuuliza ambapo katika maeneo ya viwanda ya Temeke na Kinondoni mambo huanza kuwa magumu.

Kwa asiyeifahamu, kaizen huanza na mambo madogo hadi kuchekesha. Vifaa visivyotumika vinaondolewa, vinavyobaki vinapangiwa mahali pake, eneo la kazi linasafishwa, utaratibu unaandikwa ili kila mtu aufuate, na mwisho nidhamu hiyo inatunzwa isipotee. Hatua hizo 5, ambazo majina yake ya Kijapani yote huanza na herufi S, hujulikana kama S Tano. Bibi yeyote wa Uswahilini aliyewahi kumkemea mjukuu kwa kutorudisha kata mahali pake angezitambua mara moja, bila semina.

Lakini udogo huo unadanganya. Chukua mfano wa karakana ya kushona sare za shule yenye mafundi 10. Mkasi mmoja unazunguka meza nne. Bobini zimechanganywa na vifungo ndani ya kopo la maziwa ya unga. Ikiwa kila fundi anapoteza dakika 20 kwa siku akitafuta kifaa, basi karakana inapoteza dakika 200 kila siku. Kwa siku 26 za kazi katika mwezi, hizo ni saa 86 na ushei, yaani karibu siku 11 za fundi mmoja, ambazo mwenye karakana amezilipia na hakushonewa kitu.

Hayo ni ya vifaa tu. Mkata kitambaa anakata mashati 200 kwa siku, ilhali anayeshona kola anamaliza 60. Matokeo yake ni mlima wa vipande vilivyolala sakafuni vikipata vumbi na alama za viatu, na fedha zilizonunulia majora zimelala navyo. Kosa la kipimo likifanyika kwenye meza ya kukatia Jumatatu, litagunduliwa pengine Jumatano, baada ya mashati mamia kukatwa kwa kosa lile lile. Mkuu wa shule anaona shati moja lenye mkono mfupi kuliko mwenzake. Mwenye karakana ana robota zima la mashati ya namna hiyo.

Tiba inayofundishwa ni ya kawaida sana. Umbo la mkasi linachorwa ukutani ili usiporudishwa pengo lionekane. Meza zinasogezwa zifuatane kama shati lenyewe linavyojengwa: kukata, kola, mikono, vifungo, pasi. Vipande vinapita kwa mafungu madogo badala ya marobota. Na fundi wa vifungo anapoona tundu limekaa vibaya, anasimamisha kazi na kumwita mwenzake wa hatua iliyotangulia, badala ya kulifunika kwa uzi na kumwachia mnunuzi.

Jambo hili limewahi kupimwa hapa hapa jijini. Watafiti Yuki Higuchi, Edwin Mhede na Tetsushi Sonobe walifanya jaribio kwa wamiliki wa karakana ndogo za nguo, wengine wakifundishwa darasani, wengine wakifuatwa kazini kwao, wengine wakipewa yote mawili na wengine wakiachwa kwa ajili ya ulinganisho. Waliwafuatilia kwa miaka kadhaa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019 katika jarida la World Development. Mhede ndiye aliyekuja kuongoza Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) na baadaye Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka (DART).

Kilichoonekana ni kwamba namna ya kufanya kazi ilibadilika mapema, lakini faida haikuja siku ile ile. Ilichukua muda. Kwa mfanyabiashara mwenye mkopo unaodaiwa kila mwezi, hilo si jambo dogo, na walimu wa semina wangefanya vyema kulitamka wazi siku ya kwanza.

Hata hivyo, karakana ndogo ina bahati moja. Mwenye mali na mafundi wake wako chumba kimoja. Fundi akisema uzi huu unakatika, anayesikia ndiye anayenunua uzi. Pendekezo halihitaji fomu wala kisanduku. Kadiri kazi inavyokua na kuta kuongezeka, ndivyo neno la fundi linavyochelewa kufika, na wakati mwingine halifiki kabisa.

Sekta ya afya inatoa somo la upande wa pili. S Tano iliingia katika hospitali za Tanzania mwaka 2007, Hospitali ya Rufaa Mbeya ikiwa ya majaribio. Mfano wake haukutoka Japani moja kwa moja, bali Sri Lanka, katika Hospitali ya Wanawake ya Castle Street jijini Colombo, ambako madaktari na wauguzi waliitumia njia ya viwandani kupanga wodi, dawa na kumbukumbu za wagonjwa. Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa taifa, na kati ya mwaka 2015 na 2020 mradi mwingine wa JICA ulilenga uongozi wa hospitali zote za rufaa za mikoa, ambazo kwa Dar es Salaam ni Temeke, Mwananyamala na Amana.

Anayezifahamu hospitali za umma anajua ubora unapovujia. Ni mgonjwa anayesimama dirishani wakati faili lake linatafutwa. Ni muuguzi anayeacha wodi kwenda stoo kufuata glovu zilizowekwa nyuma ya mashine mbovu iliyosubiri kufutwa kwenye vitabu kwa miaka. Kwa mambo ya aina hiyo timu ndogo za uboreshaji kazi, zinazoundwa na wafanyakazi wa idara yenyewe, zinaweza kufanya mengi kwa rangi, gundi na kalamu.

Nchi nzima, tathmini ya nyota ya vituo vya afya vya ngazi ya msingi ilionesha kwamba mambo yanaweza kusogea. Mwaka 2015/16 takriban theluthi moja ya vituo havikupata hata nyota moja. Katika tathmini ya mwaka 2017/18 vituo hivyo vilishuka hadi asilimia 4 hivi, na vilivyofikia nyota tatu au zaidi vilipanda kutoka asilimia 2 hadi 20. Si S Tano peke yake iliyoleta hayo, kwani fedha za uendeshaji na usimamizi navyo viliongezwa, lakini utaratibu wa kazi ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyopimwa.

Udhaifu wa hospitali uko kwa viongozi. Mganga mfawidhi anayeamini njia hii huhamishwa, anayekuja ana vipaumbele vyake, na mabango ya S Tano yanabaki ukutani yakififia. Wafanyakazi wenyewe wapo, wameajiriwa, wana namba za utumishi na wanaweza kusema bila kuogopa kwamba kesho getini hawataitwa.

Kiwandani hali imegeuka. Kiongozi yupo miaka yote, kwa sababu ni mwenye mali au mwanawe. Asiyekuwapo ni mfanyakazi.

Katika viwanda vingi vya jiji, kazi za kufungasha, kubeba na kuhudumia mashine hufanywa na vibarua wanaochukuliwa kwa siku, 'deiwaka' kama wanavyoitwa mitaani. Alfajiri wanajipanga nje ya geti, msimamizi anahesabu wanaohitajika, waliosalia wanarudi nyumbani Tandika, Yombo au Manzese. Mwenye kiwanda ana sababu zake: oda hupanda na kushuka, na umeme nao umewahi kumtenda. Migawo ya mwaka 2006, 2011 na ile ya mwishoni mwa 2023 iliwafundisha wengi kutofunga mkataba na mtu ambaye huenda akakaa mbele ya mashine iliyozimika.

Lakini itazame kaizen kwa macho ya kibarua huyo. Amegundua kwamba katoni zikisogezwa karibu na mashine, watu watatu watafanya kazi ya watu watano. Ni pendekezo zuri, la aina ile ile ambayo mwalimu wa semina angeipigia makofi. Anachokiona yeye ni wenzake wawili kukosa siku, pengine naye akiwa mmojawapo. Atanyamaza, na hatakuwa amekosea hesabu.

Jambo la pili ni kumbukumbu. Ubora hujengwa na mtu anayejua kwamba mashine namba tatu huanza kumwaga lebo upande mmoja inapopata joto. Mtu huyo akiwa leo yupo na kesho hayupo, kiwanda kinajifunza somo lile lile kila wiki na kulilipia kila wiki. Hatua ya tano, ile ya kutunza nidhamu, inadai mtu wa kuitunza.

Wajapani wenyewe hawakuifikia njia hii kwa upole. Mwaka 1950 kampuni ya Toyota ilikuwa ukingoni mwa kufilisika. Iliwaondoa wafanyakazi wapatao 2,000, mgogoro mkubwa ukazuka, na mwasisi wake, Kiichiro Toyoda, akajiuzulu. Katika miaka iliyofuata menejimenti na chama cha wafanyakazi walijenga maelewano yaliyosimama juu ya kulinda ajira za waliobaki. Mwaka 1951, mwaka mmoja tu baada ya mgogoro, kampuni ilianzisha utaratibu rasmi wa kupokea mapendekezo ya wafanyakazi. Kweli, hata Toyota hutumia wafanyakazi wa muda, lakini mhimili wa mapendekezo ulikuwa ni watu waliojua kwamba wazo lao halitawafukuzisha kazi.

Semina nyingi husimulia mbao na michoro ya Toyota, na huruka sura hiyo ya mgogoro.

Wala Tanzania haikuhitaji kusubiri Wajapani ili kusikia kwamba mfanyakazi ana neno la kusema kuhusu uzalishaji. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 uliagiza kuundwa kwa mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, na tija na ubora vilikuwa miongoni mwa mambo ya kujadiliwa. Mwaka uliofuata Mwongozo wa TANU ulikemea viongozi wenye kiburi na ubabe, na wafanyakazi wa Dar es Salaam wakauchukua kwa uzito kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walifika hatua ya kukitwaa kiwanda.

Mabaraza mengi yaligeuka vikao vya kusomewa taarifa, na ubinafsishaji ulioanza miaka ya 1990 ukaviuza viwanda vingi vya umma. Leo baraza la wafanyakazi linaishi zaidi katika taasisi za Serikali, likikutana kupitia bajeti. Kwa sekta binafsi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu mwajiri na chama cha wafanyakazi kilichotambuliwa kukubaliana kuunda jukwaa la ushiriki wa wafanyakazi. Kinachotakiwa ni chama, na chama kinahitaji wanachama, na kibarua wa siku ni nadra kuwa mwanachama wa chochote.

Serikali iliwahi kuligusa suala hili mwaka 2014, ilipowakataza mawakala binafsi wa ajira kuajiri watu na kuwakodisha kwa kampuni nyingine. Amri hiyo ilihusu mawakala. Foleni ya getini ni jambo jingine.

Kuna pia wanaodhani kazi hii ni ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 lilibeba pia majukumu ya ubora wa chakula na vipodozi yaliyokuwa ya iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Alama ya TBS humhakikishia mnunuzi wa Mbagala kwamba bidhaa imefikia kiwango. Haimwambii mwenye kiwanda ni ngapi zilitupwa ili moja ipite, na gharama ya zile zilizotupwa imo ndani ya bei.

Hapo ndipo hesabu ya vibarua inapopaswa kurudiwa. Malipo ya kibarua yanaonekana kila jioni kwenye daftari la karani. Malipo ya kasoro hayana daftari: yamejificha katika plastiki inayoyeyushwa upya, katoni zinazofunguliwa na kufungwa tena, lori linalorudi na mzigo kutoka Kariakoo na mteja ambaye safari ijayo ataagiza bidhaa ya nje. Kiwanda kinachotaka kuuona ukubwa wake kinaweza, kwa mwezi mmoja tu, kuandika kila bidhaa iliyokataliwa, saa iliyokataliwa, mashine iliyoitoa na jina la aliyekuwa akiihudumia. Tatizo litaonekana mapema, kwenye safu ile ya mwisho, ambako karani wa zamu atalazimika kuacha nafasi wazi kwa sababu mtu wa jana hakuandikwa jina, aliandikwa idadi.