Nani Asemaye Mama Hana Kazi?

Neno "kazi" lina heshima kubwa katika nchi zetu. Limo katika kaulimbiu ya Burundi (Umoja, Kazi, Maendeleo), ya Rwanda (Umoja, Kazi, Uzalendo) na ya Kongo (Haki, Amani, Kazi). Hata hivyo, mwanafunzi akipewa fomu yenye swali "Kazi ya mama", mara nyingi huandika: "Hana." Mama huyo ameamka kabla ya wote, amelima, amechota maji, amepika, amemuuguza bibi. Jibu hilo nalipinga, na napinga mazoea ya lugha yanayolifanya lionekane sahihi.

Wapo wasomi wanaokilaumu Kiswahili. Wanasema lugha yetu ni maskini, ndiyo maana neno moja linabebeshwa fizikia, uchumi na jikoni. Hoja hiyo haina mashiko. Kifaransa nacho kina neno moja kwa kiwanda na kwa maabara. Mfaransa Coriolis ndiye aliyelichukua neno hilo la kila siku mwaka 1829 na kulipa maana ya kipimo. Sayansi huazima maneno ya watu. Si aibu ya lugha yoyote.

Tuanze na fizikia basi. Humo, kazi ni zao la kani na umbali ambao kitu kimesogea kuelekea upande wa kani hiyo. Anayeinua dumu la lita 20 za maji kutoka chini hadi kichwani, tuseme mita 1.5, hulifanyia dumu hilo kazi ya jouli 300 hivi. Akishatembea nalo tambarare kwa mwendo usiobadilika, kani yake inaelekea juu, safari inaelekea mbele. Kazi anayolifanyia dumu ni sifuri, hata akienda kilomita mbili. Shingo inauma, jasho linatoka, misuli inatumia nishati na kutoa joto, lakini hesabu inabaki sifuri. Je, kuna mwalimu wa fizikia atakayesema mwanamke huyo alikuwa amepumzika? Hakuna. Anajua kipimo chake kinapima nini na hakipimi nini.

Katika mambo ya uchumi hatuna uangalifu huo. Kanuni za kimataifa za hesabu za taifa huingiza uchotaji wa maji katika uzalishaji, lakini kupika, kufua na kulea watoto wa nyumbani bila malipo huachwa nje ya pato la taifa. Mtu yuleyule akipika mgahawani kwa mshahara, anahesabiwa. Mpaka huo una sababu zake, kwani ni vigumu kukitia bei kisichouzwa. Kosa huanza pale mtu anaposema: "Haihesabiwi, kwa hiyo si kazi." Huyo amebadilisha maana katikati ya sentensi, nasi tunampigia makofi.

Wanatakwimu wenyewe wameliona. Katika mkutano wao wa kimataifa wa mwaka 2013 mjini Geneva, chini ya Shirika la Kazi Duniani, walikubaliana kuwa kazi ni shughuli yoyote ya kuzalisha bidhaa au huduma, iwe kwa matumizi ya wengine au ya mtendaji mwenyewe. Ile ya kutafuta malipo au faida ni ajira, sehemu moja tu ya kazi. Kiswahili tunachokiita maskini kina maneno yote mawili!

Wala hili si suala la kamusi tu. Ndoa ikivunjika, huulizwa nani alinunua nyumba, na mke "asiye na kazi" huambiwa hakuchangia. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliikataa fikra hiyo, ikakubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Mahakama imeweza, darasa la Kiswahili linashindwa nini?

Wahadhiri, mkituandalia dodoso za utafiti, ulizeni "ajira" mnapotaka kujua mshahara, na "kazi" mnapotaka kujua mtu anafanya nini. Nanyi wanafunzi wenzangu, mkikuta fomu yenye swali lile la zamani, msiandike "hana". Andikeni: mkulima, mpishi, mlezi. Nafasi ikiwa ndogo, andikeni pembeni.